Mtihani wa Stadi za Mawasiliano hausemi lolote kuhusu mawasiliano

KAMA una mtoto, mpwa au jirani aliye mwaka wa kwanza katika chuo kikuu, hebu mwombe akuonyeshe karatasi ya mtihani wa somo liitwalo Stadi za Mawasiliano. Usishangae ukikutana na maswali ya namna hii: Fafanua maana ya mawasiliano. Taja na ueleze vikwazo vitano vya mawasiliano. Jadili sifa za msikilizaji mzuri. Mtahiniwa ataketi saa mbili, atajaza kijitabu cha majibu, atakirudisha kwa msimamizi na kwenda zake. Akipata alama 70, matokeo yake yatashuhudia kwamba ana stadi za mawasiliano za kiwango cha A. Katika muda huo wote hakuna binadamu aliyemsikia akisema neno.

Hoja yangu leo ni hiyo. Masomo ambayo kila mwanafunzi hulazimika kuyasoma bila kujali shahada yake, yale tunayoyaita kozi za pamoja, yanatahiniwa kwa namna isiyogusa kabisa lengo lake. Stadi tunaifundisha kwa maneno, kisha tunayatahini maneno yale yale tuliyoyasema. Stadi yenyewe inabaki nje ya ukumbi wa mtihani, imesimama mlangoni kama mgeni asiye na kadi ya mwaliko.

Kozi hizi zina historia yake. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya 1981. Watahiniwa wa kwanza wa KCSE walifanya mtihani 1989, na walipoingia vyuoni 1990 shahada ya kwanza ilikuwa imerefushwa kutoka miaka mitatu hadi minne. Humo ndimo kozi za pamoja zilipopata nafasi: Stadi za Mawasiliano, Misingi ya Falsafa, Misingi ya Uchumi, Sheria na Jamii, na kadhalika. Baada ya Rais Moi kutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999, vyuo vingi viliongeza somo kuhusu ugonjwa huo. Jirani zetu wa Tanzania walitutangulia. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taaluma za Maendeleo limekuwa somo la wote tangu miaka ya 1970, mwanafunzi awe wa sheria au wa uhandisi.

Nia ya kozi hizi ilikuwa njema na hadi leo ni njema. Mhandisi asijue saruji na nondo tu, ajue na watu watakaopita juu ya daraja lake. Daktari aweze kumweleza mama mzee maradhi yake hadi mama ayaelewe. Mchumi aweze kutambua hoja mbovu hata inapotolewa na mtu mwenye gari kubwa. Hakuna mzazi atakayepinga hayo. Swali ni hili: tunajuaje kwamba mwanafunzi ameyapata?

Jibu tunalolitoa vyuoni ni la urithi. Makerere ilipoanza kutoa masomo ya shahada mwishoni mwa miaka ya 1940, zilikuwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Nairobi, chuo kilichofunguliwa 1956 kama chuo cha ufundi na kugeuka Royal College 1961, kilipita njia hiyo hiyo. Karatasi za mitihani zilihitaji idhini ya London, na kutoka huko tukarithi pia ile desturi ya mtahini wa nje. Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa chuo kamili 1970. Miaka miwili kabla yake, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa wametaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mjadala ule ulibadilisha mengi katika kinachosomwa. Ukumbi wa mtihani ulibaki vile vile: madawati yaliyopangwa kwa safu, kijitabu, saa ukutani na msimamizi anayepitapita.

Si kwamba Afrika Mashariki haijawahi kuliuliza swali hili. Azimio la Musoma la 1974 kule Tanzania lilikataa mtihani wa kuandika uwe hakimu wa pekee. Kazi ya mwanafunzi ya mwaka mzima ikaanza kuhesabiwa, na kwa kipindi fulani kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza afanye kazi na apate pendekezo kutoka huko alikofanyia kazi ndipo aingie chuo kikuu. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, hasa pale pendekezo lilipotegemea uhusiano wa mtu na wakubwa. Hata hivyo, waliouanzisha walikuwa wamekwisha kung'amua kwamba karatasi moja haiwezi kusema yote kuhusu mtu. Katika vyuo vyetu vingi vya umma hapa Kenya, kazi za muhula hubeba takriban alama 30 na mtihani wa mwisho alama 70. Na hizo 30 zenyewe, katika kozi za pamoja, aghalabu hutoka kwa jaribio jingine la kuandika, la maswali yale yale, ila fupi kidogo.

Kwa kuwa hii ni safu ya lugha, tuyatazame maneno. Kiswahili kina maneno kadhaa kwa jambo hili na kila moja lina tabia yake. Mtihani limetoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu kujaribiwa kwa dhiki. Ndiyo maana mtu wa Mombasa akifiwa au akifilisika utasikia akiambiwa, "Huo ni mtihani, vumilia." Tathmini nalo lina undugu na thamani: kutathmini ni kukadiria kitu kina thamani gani. Kupima ni neno la sokoni na la fundi. Huwezi kupima pasipo kuwa na kipimo kinacholingana na kinachopimwa. Kitambaa hupimwa kwa mita, maziwa kwa lita. Anayepima maziwa kwa mita tutamcheka. Basi anayepima usemaji kwa orodha ya vikwazo vitano tumwiteje?

Na neno kuhitimu? Asili yake ni kutia tamati, na katika miji ya Waswahili lilihusu hasa mtoto aliyemaliza kuisoma Kurani chuoni. Kumbuka kwamba chuo, kabla hakijawa kikuu, kilikuwa barazani kwa mwalimu. Mtoto alisoma kwa sauti mbele ya mwalimu wake, mwalimu akamsikiliza, akamrekebisha hapo hapo, akamruhusu kuendelea au akamrudisha nyuma. Najua kuna atakayenikatiza aseme kwamba huko nako kukariri kulitawala. Ni kweli. Lakini kilichokusudiwa kilikuwa ni kusoma kwa sauti na kwa usahihi, na kilichopimwa kilikuwa ni kusoma kwa sauti na kwa usahihi. Kipimo kililingana na kinachopimwa. Wataalamu wa upimaji huliita jambo hili uhalali wa mtihani, nao hulitofautisha na uthabiti, yaani hali ya mtihani kutoa matokeo yale yale hata ukisahihishwa na mtu mwingine. Mitihani yetu ya kozi za pamoja ina uthabiti wa kuridhisha. Orodha ya vikwazo vitano ni orodha, mwalimu yeyote ataisahihisha vivyo hivyo. Uhalali ndio haba.

Ushahidi wa hayo wanao wanafunzi wenyewe, na wameuhifadhi katika msamiati wao. Kila Mkenya aliyepita shuleni anajua mwakenya ni nini: kile kikaratasi chenye maandishi madogo kama siafu, kinachofichwa kwenye soksi au ndani ya kikokotoo. Jina lake limetokana na Mwakenya, lile vuguvugu la siri la miaka ya 1980 ambalo watu wengi walitiwa mbaroni kwa kushukiwa kuwa wafuasi wake, na ambalo vijikaratasi vyake vilisambazwa kwa kificho. Wanafunzi waliliazima jina na siasa yake wakaiacha. Kila muhula tunaunda kamati za kupambana na mwakenya, tunawapekua vijana mlangoni, tunawafukuza wanaonaswa. Wizi wa mtihani ni wizi, siutetei. Ila hebu tujiulize: ni mtihani wa namna gani unaoweza kushindwa na kikaratasi cha upana wa vidole viwili? Ni ule tu unaouliza kinachoweza kuandikwa kwenye kikaratasi cha upana wa vidole viwili. Hakuna mwakenya wa kukusaidia kumtuliza mgonjwa aliyeshtuka. Hakuna mwakenya wa kukusaidia kujibu swali ambalo msikilizaji amelitunga sasa hivi kutokana na ulichosema.

Kuna ushahidi mwingine, na huu uko karibu sana na nyumbani kwangu. Naishi Riruta. Kando ya Barabara ya Naivasha, kuanzia Dagoretti Corner hadi Kawangware, yamejaa majumba ya ghorofa ya kupangisha, na ndani ya vyumba vingi vyake taa haizimwi usiku. Vijana waliohitimu, na wengine ambao bado wako chuoni, huketi mbele ya tarakilishi wakiwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo. Si siri tena. Magazeti ya ughaibuni yameandika kuhusu biashara hii kwa miaka kadhaa sasa, na mnamo 2024 ilitolewa filamu ya hali halisi, The Shadow Scholars, ambamo Patricia Kingori, profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyezaliwa hapa Kenya, anawafuatilia waandishi hawa wa Nairobi.

Jioni moja kijana ninayemfahamu kutoka mtaa wetu alinieleza kazi yake bila kuficha. Ana shahada ya sayansi. "Prof, wiki hii nimefanya ya falsafa, ya historia ya Roma, na moja ya maadili ya biashara," akaniambia. Nikamuuliza alipata nini katika Stadi za Mawasiliano alipokuwa chuoni. Akacheka. "Hiyo yuniti? C, mzee wangu. Sikuwa nimekremu notsi."

Sikucheka naye. Tazama kilichotokea hapo. Kijana anayeweza kusoma swali geni asubuhi, kutafuta vitabu, kupanga hoja na kuiwasilisha jioni kwa lugha inayomridhisha profesa wa ng'ambo, mtihani wetu ulimwona mtu wa wastani. Uwezo alikuwa nao. Kipimo hakikuwa na jicho la kuuona. Na kwa upande wa pili wa bahari, insha nyingi kati ya hizo ni za kozi zao za elimu ya jumla, zile zinazodaiwa kumfanya Mmarekani awe mtu wa fikra pana. Profesa wa huko amesoma insha, akaridhika, akatoa alama, na aliyejifunza yuko Riruta. Vipimo viwili, vya vyuo viwili, katika mabara mawili, na vyote vimemkosa mtu. Tangu mwisho wa 2022, zilipoingia programu za akili unde kama ChatGPT, hata kijana wa Riruta ameanza kunyang'anywa kazi na mashine. Insha inayoandikiwa nyumbani, ambayo wengi wetu tuliitegemea kama tiba ya kukariri, nayo imeingia dosari.

Wamarekani wenyewe wamehangaika na jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka wa 2011 wanasosholojia Richard Arum na Josipa Roksa walichapisha kitabu, Academically Adrift, kilichowafuatilia wanafunzi zaidi ya 2,300 katika vyuo 24. Waliwapa mtihani wa kusoma nyaraka, kuzipima na kuandika ushauri, mara ya kwanza walipoingia chuoni na mara ya pili baada ya miaka miwili. Asilimia 45 hawakuonyesha maendeleo ya maana katika kufikiri kwa makini na kuandika. Kitabu kilizua kelele nyingi. Wapo waliokipinga, na pingamizi mojawapo lina uzito: mwanafunzi asiyepata wala kupoteza chochote kwa mtihani fulani, kwa nini ajitahidi? Shirika jingine la vyuo vya huko lilichagua njia tofauti. Mwaka wa 2009 lilitoa vigezo vya pamoja vya kupimia kazi halisi za wanafunzi, yaani insha, miradi na hotuba walizokwisha kufanya darasani, badala ya kuwatungia mtihani mpya. Mkondo huo wa kupima elimu ya jumla umefika hata Nairobi kupitia vyuo kama USIU-Africa, ambacho pamoja na kutambuliwa hapa nchini kimeidhinishwa pia na asasi ya Marekani.

Lakini hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano. Uwezo ni mpango ulioanza 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda. Watu wa kujitolea walibisha hodi nyumba kwa nyumba, wakampa mtoto kifungu kifupi cha kiwango cha darasa la pili, wakamwambia: soma. Hawakumuuliza maana ya kusoma ni nini wala faida tano za kusoma. Walimsikiliza. Na kwa njia ile nyepesi waligundua jambo ambalo ripoti za shule hazikuwa zimelisema waziwazi: kwamba watoto wengi wa madarasa ya juu hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Taifa zima lilishtuka. Kilicholishtua ni kipimo kilichokwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Najiuliza, wale watu wa kujitolea wakibisha hodi katika mabweni ya vyuo vyetu, wakimkuta komredi wa mwaka wa nne wakamwambia, "Tueleze kwa dakika tano unachokisomea, tuelewe," tutapata matokeo gani?

Na atatueleza kwa lugha gani? Katika vyuo vingi Stadi za Mawasiliano husomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza pekee. Mwanafunzi huyo amelazimika kujifunza na kutahiniwa Kiswahili tangu shule ya msingi hadi KCSE, ambako alifanya karatasi tatu nzima. Akivuka lango la chuo kikuu, isipokuwa kama amechagua Kiswahili kuwa taaluma yake, hatapimwa tena katika lugha hiyo hadi aingie kaburini. Ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia, pamoja na Kiingereza, ni lugha rasmi. Baada ya shahada, muuguzi huyu atahudumu Kawangware au Kitui. Afisa wa kilimo atasimama mbele ya wakulima wanaotaka kujua kwa nini mahindi yamenyauka. Mhandisi ataitwa kwenye baraza la chifu awaeleze wenye vibanda kwa nini barabara itafungwa kwa miezi mitatu. Huko ndiko mawasiliano yalipo, na huko hayafanyiki kwa lugha ya kijitabu cha majibu. Tunampa mtu cheti cha kuwasiliana bila kumpima katika lugha atakayowasiliana nayo na umma. Jamani, hilo nalo linahitaji utafiti?

Najua pingamizi linalofuata, nimelisikia katika vikao vingi: "Prof, darasa lina wanafunzi mia nane. Nani atawasikiliza?" Swali hilo ni la haki, na tulijibu kwa hesabu. Tuseme kila mwanafunzi apewe dakika 10 mbele ya watahini wawili. Wanafunzi 800 ni dakika 8,000, yaani saa 133 na ushei. Kwa kuwa watahini ni wawili, ni kama saa 267 za kazi. Sasa kijitabu cha majibu cha mtihani wa saa mbili, ukikisahihisha kwa uaminifu, kinakula kama dakika 15. Vijitabu 800 ni saa 200. Tofauti ni saa 67, tena kabla hujahesabu muda wa kusimamia ukumbi, kuchapisha karatasi na kuwatafuta wale ambao alama zao zimepotea. Ukiwa na walimu 20, yaani jozi 10, kila jozi itawasikiliza wanafunzi 80, kazi ya siku tatu hivi. Haya si mambo ya ndoto. Kikwazo halisi ni kingine: kozi za pamoja mara nyingi hutwikwa walimu wa muda, ambao malipo yao hukawia na ambao hawana hata ofisi ya kumwitia mwanafunzi. Hapo ndipo penye kidonda, na tusiifunike kwa kusingizia wingi wa wanafunzi.

Pingamizi la pili ni upendeleo. Mtahini ataijua sura ya mtahiniwa, atajua lafudhi yake ni ya wapi, na pengine jina lake litamwambia anatoka ukoo gani. Katika nchi yetu hili si jambo dogo. Ndiyo maana nasema watahini wawe wawili, kila mmoja aandike alama yake kabla hawajazungumza, na mazungumzo yarekodiwe ili mtahini wa nje asikilize sampuli. Vigezo navyo viandikwe na vitangazwe mapema: je, alichokisema kilikuwa na mpango? Je, alitoa mfano unaomfaa msikilizaji huyu? Je, alilisikia swali aliloulizwa, au alijibu la kwake?

Ila kigezo ninachokipenda kuliko vyote ni chepesi zaidi. Waingie wanafunzi wawili kutoka fani tofauti, mmoja wa uhasibu na mwingine wa udaktari wa mifugo, tuseme. Wa kwanza ameambiwa amweleze mwenzake jambo moja la fani yake kwa dakika nne. Kisha mwenzake alirudie kwa maneno yake mwenyewe. Msemaji apimwe kwa kile msikilizaji alichokielewa, na msikilizaji apimwe kwa kile alichokishika. Bibi zetu walilijua hili kwa njia yao. Anayetega kitendawili hamalizi kazi yake kwa kusema fumbo, lazima awepo wa kuitikia "Tega!" na lazima ajibu au atoe mji. Mawasiliano ni ya watu wawili. Mtihani wa mtu mmoja na kijitabu chake, kwa somo hili, umekosea hesabu tangu mwanzo.

Kozi nyingine za pamoja zingetengenezewa kipimo chake kwa mantiki hiyo hiyo. Kwa nini mwanafunzi wa Misingi ya Falsafa aorodheshe makosa ya kimantiki, halafu jioni asambaze kwenye WhatsApp uvumi uliojaa makosa yote hayo? Mpe hotuba ya mwanasiasa iliyotolewa wiki hii na umtake aonyeshe hoja inapochechemea. Mruhusu aingie na vitabu vyake na notsi zake zote. Mwakenya atakosa soko siku hiyo. Wa Misingi ya Uchumi apewe bajeti ya familia ya Satellite, kodi ya nyumba, unga, karo na nauli, aeleze bei ya mafuta ikipanda nini kitakatwa kwanza na kwa nini. Maswali ya namna hii hayana jibu moja la kukariri, na mwalimu atachoka zaidi kuyasahihisha. Lakini akimaliza atakuwa amejua jambo fulani kuhusu mwanafunzi wake, na kujua ndiko tunakolipwa kukufanya.

Muda wa kujiandaa si mrefu. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, ambao wengi bado wanauita CBC, walitarajiwa kuingia gredi ya 10 Januari 2026, na kwa hesabu hiyo watabisha hodi vyuoni 2029. Mtaala wao umetaja umilisi wa msingi saba, na wa kwanza katika orodha ni mawasiliano na ushirikiano. Watoto hawa wamezoea kufanya miradi, kusimama mbele ya wenzao na kujieleza, hata pale ambapo wazazi tulilalamika kwamba kazi za nyumbani zimekuwa zetu. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, inataka kila kozi itaje matokeo ya kujifunza yanayotarajiwa. Katika muhtasari wa Stadi za Mawasiliano matokeo hayo huandikwa kwa ufasaha: mwanafunzi aweze kuzungumza, kusikiliza, kuandika na kusoma kwa ufanisi. Ningependa Tume iongeze swali moja tu inapokagua kozi hizi: nionyesheni sehemu ya mtihani ambapo mwanafunzi amezungumza na mtu amemsikiliza.

Chuo kisichoweza kuionyesha sehemu hiyo kina njia mbili za kiungwana. Kibadilishe mtihani, au kibadilishe jina la somo kiliite Maelezo Kuhusu Mawasiliano. Vijana wa 2029 wakiingia wakaambiwa wafafanue maana ya mawasiliano na wataje vikwazo vitano, wataandika bila ubishi. Watavitaja vitano. Cha sita, ambacho ni mtihani wenyewe, hakitakuwa katika notsi.